Mwongozo kamili: Kuwauliza wafanyakazi wa Zanzibar kuhusu kanuni za maradhi ya mripuko na ahadi za haki kazini

Mwongozo huu ni kwa maofisa utumishi, mameneja wa mahoteli, viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi na wakuu wa jumuiya zisizo za kiserikali, Unguja na Pemba, wanaotaka kujua mambo mawili ambayo kwa kawaida huulizwa mbalimbali: kanuni za kujikinga na maradhi kazini zinafuatwa namna gani, na ahadi za usawa na haki zilizobandikwa ukutani zinatekelezwa kwa kiasi gani. Nimeyaweka pamoja kwa makusudi. Mhudumu wa vyumba anayelipwa kwa siku, akijua kwamba siku ya homa ni siku isiyo na ujira, atameza dawa ya maumivu na kuingia kazini. Kanuni ya "anayeumwa abaki nyumbani" inakuwa imevunjwa na mkataba wake hata kabla yeye hajaivunja. Anayeuliza kuhusu afya bila ya kuuliza kuhusu malipo atapata majibu mazuri yasiyomsaidia.

Inafaa kukumbuka tulikopita. Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na mwezi huohuo Zanzibar ikapata mgonjwa wake wa kwanza. Ndege za watalii zikasita, mahoteli yakafungwa, na wafanyakazi wengi wa msimu wakarudi makwao bila ya kuambiwa wataitwa lini. Milango ilipofunguliwa tena Juni 2020, waliorudi walikuta kanuni mpya ambazo hawakuulizwa juu yake: barakoa kwa zamu nzima, kupimwa joto getini, meza za wageni kutenganishwa. Takwimu za taifa za wagonjwa zilikuwa zimeshaacha kutolewa, kwa hivyo kila mmoja alipima hatari kwa alichokisikia mtaani. Chanjo ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, kwa hiari, na dharura ya dunia ikatangazwa kumalizika tarehe 5 Mei 2023. Kanuni nyingi zilizoandikwa wakati ule bado zimo katika mafaili ya mahoteli yetu, na hakuna aliyekaa na wafanyakazi kuwauliza ipi iliwalinda na ipi iliwaumiza tu.

Ahadi za haki nazo zina historia yao. George Floyd aliuawa na polisi huko Minneapolis, Marekani, tarehe 25 Mei 2020, na baada ya hapo makampuni mengi ya Marekani na Ulaya yakatoa matamko ya kupinga ubaguzi na kuahidi usawa katika ajira. Hoteli au jumuiya iliyoko hapa ambayo makao yake makuu yako nje huletewa matamko ya aina hiyo yakiwa yamekamilika, na kazi inayobaki ni kuyabandika. Kosa si la tamko lenyewe. Ni kwamba limeandikwa kwa ajili ya malalamiko ya mahali pengine, wakati hapa mfanyakazi akilalamika hulalamika juu ya mambo yake: kwa nini nafasi za mapokezi zinapewa watu kutoka bara au nje na mwenyeji wa kijiji anabaki bustanini, kwa nini mwenye hijabu hawekwi mbele ya wageni, kwa nini kibarua wa mwaka wa nne bado ni kibarua. Maoni yatakayokusanywa lazima yaguse hayo.

Hatua ya kwanza: pata ruhusa ya kubadilisha, si ruhusa ya kuuliza tu

Kabla ya kuandika swali hata moja, kaa na mwenye mali, mkurugenzi au bodi, na mwandike pamoja ni mambo gani yako tayari kubadilishwa, kwa fedha kiasi gani na kabla ya tarehe ipi. Ikiwa suala la malipo ya siku za ugonjwa kwa vibarua haliwezi kujadiliwa kabisa mwaka huu, ni bora lisiulizwe kuliko kuulizwa na kunyamaziwa, ingawa kwa maoni yangu taasisi isiyoweza kulijadili hilo haijawa tayari kwa zoezi hili. Ruhusa hiyo iwe na saini. Meneja hubadilishwa katikati ya msimu, na anayekuja hajifungi kwa maneno ya mdomo ya aliyeondoka.

Hatua ya pili: tenganisha sheria na hisani

Kusanya kila waraka ambao taasisi imetoa tangu 2020 kuhusu afya na kuhusu usawa, kisha uupitie mstari kwa mstari ukijiuliza: hili ni takwa la sheria au ni ahadi ya hiari? Kwa Zanzibar sheria za msingi ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005. Hapa pana mtego ambao makampuni yenye afisi kuu Dar es Salaam huuingia kila mara: masuala ya kazi si mambo ya Muungano, na sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 haitumiki Unguja wala Pemba. Sera iliyonakiliwa kutoka bara inaweza kutaja vifungu, muda wa likizo na vyombo vya usuluhishi ambavyo havimhusu mfanyakazi wa Paje au wa Wete.

Sababu ya kutenganisha ni hii: jambo la sheria haliombewi maoni. Humwulizi mfanyakazi kama angependa kuandikishwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF). Unamwuliza kama ameandikishwa na kama michango yake inaonekana. Vivyo hivyo kuhusu Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulioanzishwa 2023. Mahali salama pa kazi, kwa upande wa Shirika la Kazi Duniani, tangu Juni 2022 ni miongoni mwa haki za msingi kazini, sawa na haki ya kutobaguliwa na haki ya kujiunga na chama. Kuziweka haki hizo katika dodoso kana kwamba ni mapendekezo ni kuwadhalilisha wanaoulizwa.

Hatua ya tatu: orodhesha kila anayefanya kazi, siyo kila aliyemo kwenye orodha ya mishahara

Orodha ya mishahara itakupa wenye mikataba. Haitakupa mlinzi aliyeletwa na wakala, msichana wa mafunzo kutoka chuo, kijana anayekuja kuosha vyombo siku za harusi, mama anayeleta mboga jikoni kila alfajiri na kuingia ndani hadi stoo, wala dereva wa gari ya wafanyakazi. Kwa upande wa maradhi watu hawa wanagusana na kila mtu. Kwa upande wa haki ndio wenye kinga ndogo kuliko wote. Tembea mwenyewe siku moja kuanzia zamu ya alfajiri hadi zamu ya usiku na uandike kila unayemkuta, kisha linganisha na orodha ya afisi. Usisahau walioachishwa wakati wa msimu mdogo. Wao wanayo majibu ambayo waliobaki wanaogopa kuyatoa, na namba zao za simu kwa kawaida ziko kwa wakuu wa idara.

Hatua ya nne: chagua wakati

Julai hadi Septemba, na Disemba hadi mwanzo wa Februari, mahoteli ya ukanda wa mashariki na kaskazini yamejaa na hakuna atakayekujibu kwa utulivu. Aprili na Mei, mvua za masika zinaponyesha, nusu ya watu wako nyumbani. Ramadhani ratiba zote hugeuka, na si uungwana kumshikilia mtu kwa mazungumzo wakati anawahi futari. Kwa hiyo Oktoba na Novemba, au mwisho wa Februari ikiwa haikuangukia mfungo, ndio wakati unaofaa. Huko Pemba, kwenye maghala na vituo vya karafuu, angalia msimu wa uchumaji kwanza.

Zoezi lifanyike ndani ya saa za kazi na lihesabiwe kuwa kazi. Ukimtaka mfanyakazi abaki baada ya zamu, gari imeshaondoka, na dodoso lako litajazwa kwa dakika mbili.

Hatua ya tano: linda siri kama inavyolindwa kisiwani

Hii ndiyo hatua inayoharibika zaidi, kwa sababu miongozo mingi inadhani kwamba karatasi isiyo na jina ni karatasi ya siri. Hapa watu wanajuana kwa mwandiko, kwa lafudhi na kwa ukoo. Ukiweka katika fomu moja idara, jinsia, umri, miaka ya kazi na wilaya anakotoka mtu, umeshaandika jina lake: mwanamke wa jikoni, miaka hamsini na ushei, kutoka Micheweni, katika hoteli nyingi ni mtu mmoja tu. Basi chukua sifa zisizozidi mbili, zile ambazo kweli utazitumia, kwa mfano aina ya mkataba na kundi kubwa la kazi, na usitoe matokeo ya kundi lolote lenye watu chini ya watano. Dobi yenye watu watatu iunganishwe na usafi wa vyumba.

Maswali ya kuweka alama ya vema ni salama kuliko ya kuandika kwa mkono. Pale unapohitaji maelezo, toa kalamu za rangi moja kwa wote na karatasi za saizi moja, na uwatajie mapema kwamba maelezo yatachapwa upya na mtu kutoka nje kabla ya meneja kuyaona, kisha ufanye hivyo kweli. Kisanduku kisiwekwe mbele ya afisi ya utumishi wala chini ya kamera. Chumba cha kubadilishia sare, cha wanawake na cha wanaume kila kimoja na chake, ndiko kunakofaa. Funguo ziwe mbili, moja kwa mwakilishi wa wafanyakazi na moja kwa afisi, na kisifunguliwe bila ya wote wawili kuwepo.

Wanaopenda kutumia simu wachukue tahadhari. Kundi la WhatsApp linaonesha namba ya kila mtu, kwa hiyo halifai kwa jambo hili hata kidogo. Fomu ya mtandaoni ya Google inafaa, lakini hakikisha kwamba sehemu ya kukusanya anwani za barua pepe imezimwa, na vilevile kwamba hukuweka sharti la kila mtu kujibu mara moja tu, kwa sababu sharti hilo humlazimisha anayejibu kuingia kwa akaunti yake ya Google. Hata kama anwani haionekani kwako, yeye anaona jina lake juu ya skrini, na hapo hapo ameshaamua kuandika kwamba kila kitu ni kizuri. Kiungo cha fomu kibandikwe ukutani. Kikitumwa kwa mtu mmoja mmoja, kila mmoja atahisi kwamba kimewekwa alama yake.

Wasiosoma, au wanaosoma kwa shida, wasomewe na mtu asiyefanya kazi pale na asiyetoka katika kijiji hicho. Mwalimu wa skuli ya shehia nyengine anatosha, akilipwa posho yake. Mfanyakazi kiziwi apatiwe mkalimani wa lugha ya alama ambaye si jamaa yake.

Hatua ya sita: andika maswali yanayogusa siku ya kazi

Dodoso liandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, likae ukurasa mmoja au mbili, na kila swali limrudishe mtu kwenye jambo lililotokea. Swali kama "Je, unaridhika na hatua za taasisi za kukabiliana na majanga ya afya?" litajibiwa "ndiyo" na watu wote, kwa sababu halina kitu cha kushika. Lilinganishe na haya:

Mara ya mwisho ulipoumwa homa au kuharisha siku ya kazi, ulifanya nini: ulibaki nyumbani na kulipwa, ulibaki nyumbani bila ya kulipwa, uliingia kazini, au ulirudishwa na msimamizi?

Ukitaka kunawa mikono sasa hivi katika eneo lako la kazi, maji na sabuni vipo?

Gari ya wafanyakazi uliyopanda jana ilikuwa na nafasi ya kukaa kwa kila mtu?

Hilo la gari ni la kuangaliwa kwa makini. Katika kipindi cha UVIKO-19 ukumbi wa chakula wa wageni ungeweza kuwa na meza zilizotengana kwa mita mbili, na wakati huohuo watu walioziandaa meza hizo wanarudi Mjini usiku katika gari ndogo, wamebanana magoti kwa magoti, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Kanuni iliyomlinda mgeni mezani ilimwacha mhudumu mlangoni. Nyaraka hazilioni jambo hilo kwa kuwa gari haimo katika ukaguzi wowote. Swali moja linaliona.

Usiufunge mjadala wa maradhi katika UVIKO-19 peke yake. Kipindupindu kimekuwa kikirudi visiwani tangu 1978, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura nyengine kwa ajili ya homa ya nyani (mpox). Uliza kuhusu vyoo vya wafanyakazi, maji ya kunywa ya kantini, na nani wa kuambiwa iwapo watu wawili wa zamu moja wameharisha siku moja. Katika sehemu nyingi nilizowahi kuona, choo cha wafanyakazi ndicho kipimo sahihi cha sera yote ya afya, na ni aibu kwamba hakimo kwenye fomu za tathmini zinazotoka makao makuu.

Kwa upande wa haki, gusa vitu vinavyohesabika. Kazi mpya zilipotoka mwaka huu, ulizijua kabla hazijapata mtu? Bakshishi na tozo ya huduma hugawanywa kwa utaratibu unaoujua? Umewahi kuambiwa kwamba mavazi yako ya dini, mimba yako au kijiji chako ndiyo sababu ya kutopewa nafasi? Aliyefanyiwa vitendo vya udhalilishaji na mgeni au na msimamizi, anajua pa kwenda kwa siri? Mwisho liwepo swali moja la wazi: ni kanuni gani ungeiondoa kesho, na ipi ungeipigania ibaki. Sehemu ya pili ya swali hilo ni muhimu kama ya kwanza. Wapo wanaotaka vituo vya kunawia mikono vilivyowekwa 2020 vibaki, na wamesikitika kuona mabomba yakikatwa.

Habari za afya ya mtu binafsi zisiulizwe: hali yake ya VVU, kifua kikuu, mimba wala kama amechanja. Unatafuta kujua mfumo unavyofanya kazi, na dodoso la maoni si mahali pa kumchunguza mtu.

Jaribu dodoso kwa watu wachache kabla, na uwatake wakueleze kwa maneno yao swali linauliza nini. Mtakapotofautiana, badilisha swali.

Hatua ya saba: mazungumzo ya vikundi

Dodoso litakwambia wangapi. Mazungumzo yatakwambia kwa nini. Kaa na vikundi vya watu sita hadi wanane, wenye ngazi moja ya kazi, wanawake na mwanamke mwenzao, wanaume na mwanamme. Wakuu wa idara wawe na kikao chao mbali. Mwezeshaji asiwe mwajiriwa wa pale, na asiandike majina.

Adabu zetu zina namna yake, na mwezeshaji asiyeijua atarudi na daftari tupu. Atauliza hali ya kazi, na mtu mzima wa kwanza kujibu, ambaye wadogo wote watamfuata, atasema:

"Alhamdulillah, hatuna neno. Tunakwenda."

Hayo ni maamkizi, hayajawa jibu. Shukuru, kisha teremka kwenye kitu kidogo:

"Basi Bi Mkubwa, hebu nambie, jana mlipomaliza zamu ya usiku mlirudi na gari gani?"

"Gari? Gari ilikuja saa saba. Tulikaa pale getini na mbu. Huyu mtoto alikuwa na homa, tukamfunika kanga."

"Alikuwa na homa akiwa kazini?"

"Angekwenda wapi? Siku yake ingekatwa."

Katika maneno hayo machache mna usafiri, malaria, ugonjwa kazini na ujira, na hakuna aliyeulizwa "changamoto". Mwezeshaji anayejua kazi yake husikiliza kisa mpaka mwisho kabla ya kurudi kwenye orodha yake ya maswali, na hamkatizi mtu mzima hata akienda mbali kidogo.

Ikiwa katika mazungumzo au katika karatasi litatokea tuhuma la ubakaji, shambulio au udhalilishaji, jambo hilo linatoka katika zoezi la maoni hapo hapo. Lisihesabiwe kuwa maoni wala lisisubiri ripoti. Mhusika aelekezwe, kwa ridhaa yake, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au kwenye vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyoko hospitalini, kama Mnazi Mmoja na Chake Chake, na taasisi iache kabisa tabia ya "kulimaliza kifamilia".

Hatua ya nane: soma majibu bila ya kudanganywa na wastani

Watu wawili wasome karatasi zote, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Tuseme hoteli ina wafanyakazi 120 na 96 kati yao wamesema wanaridhika na utaratibu wa ugonjwa. Hiyo ni asilimia 80, na meneja atataka kuitangaza. Lakini iwapo kati ya 24 waliobaki 18 wanatoka usafi wa vyumba na dobi, na kundi hilo zima lina watu 25, basi unachokiona ni kundi moja ambalo karibu robo tatu ya watu wake hawaridhiki na utaratibu huo, tena kundi linaloshika mashuka ya wageni. Asilimia 80 ni kweli na haina maana. Gawa kila jibu kwa aina ya mkataba kabla ya kuligawa kwa kitu chengine chochote; tofauti kubwa mara nyingi hukaa hapo.

Pia angalia wasiojibu. Idara ambayo karatasi zake zimerudi tupu au zimejazwa kwa alama zilezile kutoka juu hadi chini, imekujibu kwa njia yake. Zungumza na mtu wa nje aliyewasaidia kabla ya kumwuliza msimamizi wao.

Hatua ya tisa: rudisha majibu kwa waliokujibu

Ndani ya wiki mbili, na kabla ripoti haijapelekwa makao makuu, bandika karatasi moja karibu na kantini, na isomwe kwa sauti katika kikao cha kila zamu. Iwe na sehemu tatu: haya tutayafanya, na tarehe na jina la msimamizi wa kila moja, haya hatutayafanya, na sababu yake kwa uwazi, haya bado tunayatafakari, na siku tutakayorudi na jibu. Watu huvumilia "hapana" yenye sababu. Kisichovumilika ni kuona maneno yao katika ripoti nzuri yenye picha za rangi, na bomba la kunawia bado limekauka.

Anza na jambo dogo linaloonekana kwa macho: sabuni, feni ya chumba cha kupumzikia, gari ya pili ya zamu ya usiku. Mambo ya fedha nyingi, kama vile malipo ya siku za ugonjwa kwa vibarua, yapangwe kwa hatua, kwa mfano kuanza na siku chache kwa mwezi, na yaandikwe ndani ya mkataba. Yakiachwa kwenye tangazo, tangazo linabanduka na ahadi inakwenda nalo. Panapo tawi la chama cha wafanyakazi, makubaliano hayo ni vizuri yaingie katika mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi baina ya chama na mwajiri, ambao unabaki hata menejimenti ikibadilika.

Hatua ya kumi: walinde waliosema

Kisasi kazini kwetu ni nadra kuja kwa barua. Huja kwa ratiba: aliyesema sana anajikuta zamu za usiku mfululizo, mapumziko yake yanaangukia Jumanne badala ya Ijumaa, anahamishwa kutoka mkahawani penye bakshishi kwenda stoo. Na huja kimya kimya mwisho wa msimu, ambapo mkataba wa msimu hauvunjwi na mtu yeyote, ila simu ya kuitwa tena haipigwi. Kwa hiyo, kabla ya zoezi, hifadhi nakala ya ratiba za miezi mitatu iliyotangulia na orodha ya waliokuwa wakiitwa kila msimu. Baada ya zoezi, mwakilishi wa wafanyakazi na ofisa utumishi walinganishe ratiba mpya na za zamani kila mwezi, kwa miezi mitatu, na walinganishe tena orodha ya walioitwa msimu mpya unapoanza. Kila aliyeachwa awe na sababu iliyoandikwa. Ofisa utumishi atakayekataa kufanya ulinganisho huu, binafsi nisingemshauri mtu yeyote ajaze dodoso lake.

Wafanyakazi waelezwe tangu siku ya kwanza kwamba zoezi hili haliwafungii mlango mwengine. Anayeona haki yake ya kisheria imevunjwa anaweza kwenda kwa chama chake, kwa Kamisheni ya Kazi, au kupeleka mgogoro kwenye kitengo cha usuluhishi wa migogoro ya kazi kilichowekwa chini ya sheria ya 2005. Na vyama vya sekta mbalimbali viko chini ya mwamvuli wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Zanzibar (ZATUC), kama ambavyo waajiri wana jumuiya yao, ZANEMA. Anwani na namba za afisi hizo, ya Unguja na ya Pemba, zibandikwe pembeni ya kisanduku cha maoni.

Karatasi za asili ziteketezwe mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi mara tu zikishachapwa, na faili lililochapwa lifungwe kwa nywila wanayoijua watu wawili. Zoezi lenyewe lirudiwe baada ya mwaka, kwa maswali yaleyale ya msingi ili majibu yalinganishwe, isipokuwa swali la kwanza ambalo litakuwa jipya: katika mambo tuliyoahidi kwenye tangazo la mwaka jana, yapi umeyaona kwa macho yako? Orodha ya ahadi hizo, moja baada ya nyengine, iwe imechapishwa ndani ya dodoso lenyewe, na mbele ya kila moja pawe na visanduku vitatu vya kuweka vema: limefanyika, limefanyika nusu, halikufanyika.